Je, Shahada ya Chuo Kikuu Yastahiki Gharama Yake?



Kila mwaka majibu ya mtihani yatokapo, suala hili hurudi katika mabaraza yetu: je, mzee auze shamba, au kijana ajitie katika deni, ili ipatikane shahada ya chuo kikuu? Wako wanaojibu upesi kwamba elimu haina bei, basi na iuzwe hata nyumba. Na wako wanaowanyoshea vidole vijana waliorudi na shahada zao wakakaa bila kazi, wakasema fedha zile zimetupwa baharini. Makundi yote mawili yamefanya haraka, kwani yamejibu kabla ya kujua kinachonunuliwa ni kitu gani.

Tulitazame neno lenyewe. Shahada ni ushahidi. Karatasi ile husimama mbele ya watu ikashuhudia kwamba fulani anajua jambo fulani. Basi katika gharama moja mna vitu vitatu: elimu, ushahidi wa elimu, na cheo apewacho mwenye ushahidi huo. Asemaye kwamba elimu haina bei asema kweli juu ya kitu cha kwanza, lakini mara nyingi akilipiacho ni cha tatu. Na karatasi inayoshuhudia elimu isiyokuwamo kifuani mwa mwenyewe ni shahidi wa uongo, hata ikiwa na muhuri.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Ihya Ulum al-Din kwamba tiba na hesabu ni fardhi kifaya: wakizisimamia baadhi ya watu, wengine huondokewa na lawama, asipopatikana hata mmoja, lawama ni ya mji mzima. Akaingiza humo hata kilimo na ufumaji. Kisha akalalamika kwamba iko miji isiyokuwa na tabibu Muislamu, na huku wanafunzi wanasongamana katika fiqhi na mijadala, kwa sababu huko ndiko kwenye ukadhi, na usimamizi wa wakfu na mali za mayatima. Imam hakuilaumu fiqhi, naye alikuwa bingwa wake. Alilaumu watu kujazana penye cheo na kupaacha patupu penye haja.

Malalamiko hayo yatuhusu sisi pia. Chuo cha Kiislamu cha Mombasa kilichojulikana kwa jina la MIOME, kilichoanza kusomesha mwaka 1951, kilijengwa ili vijana wa Kiislamu wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 kikawa Politekniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Kupanda huko ni kheri. Lakini fundi wa umeme hakupungua thamani kwa kuwa chuo kimepandishwa daraja. Hata hivyo wako wazazi wanaoona haya kusema kwamba mtoto wao ni fundi, na hawaoni haya kusema kwamba ana shahada asiyoweza kuifanyia kazi yoyote.

Na gharama yenyewe imegeuka sura. Tangu Uhuru hata mwaka 1974, Serikali ya Kenya ililipa karo na masurufu ya wanafunzi wa chuo kikuu, na aliyehitimu alitakiwa kuutumikia umma kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mwaka 1974 ikaja mikopo. Mwaka 1991 mwanafunzi akatakiwa kuchangia. Na mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mkopo wake wa shahada ya kwanza huongezwa asilimia 4 kwa mwaka, na asiyelipa kwa wakati hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Mageuzi haya si ya hesabu tu. Zamani msomi alikuwa na deni kwa watu, akalilipa kwa kazi. Leo deni lake ni la fedha, naye akishalilipa hujiona hana haki ya mtu shingoni mwake. Daktari husema, "Nimejisomesha mwenyewe," akaukimbia mji uliomlea. Tena kwa Muislamu liko tatizo la ile asilimia 4, ambalo wengi wetu hulipita kimya kwa kuwa hatukumpa kijana njia nyingine. Kumwambia mtoto wa maskini kwamba riba ni haramu, kisha tukafunga mifuko yetu, ni kumwachia yeye peke yake mzigo wa dini ambao ni wetu sote.

Huenda mtu akasema: mnamkataza maskini kutafuta cheo, na cheo ndicho kitakachomtoa katika dhiki? La, hatumkatazi. Tajiri ana jamaa wa kumshuhudia. Maskini hana ila karatasi yake. Yeye ndiye mwenye haja zaidi ya shahada, na kwa sababu hiyo ndiye aumiaye zaidi akiuziwa shahada isiyo na elimu ndani yake.

Kwa hivyo kabla shamba halijauzwa, yatupasa kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, elimu hiyo ina watu wanaoihitaji, au ni jina tu la kutajwa harusini? Pili, je, mwanafunzi mwenyewe ana hamu na uwezo nayo, au ni fahari ya babake? Tatu, fedha hizo zatoka katika haki ya nani? Kuwafanyia watoto uadilifu katika kuwapa ni jambo alilotufunza Mtume. Basi si uadilifu kumaliza mali yote kwa mvulana mmoja, na dada yake mwenye akili kama yeye akakatizwa masomo.

Majibu yakiwa mema, gharama na itolewe, wala isiachiwe nyumba moja. Madrasa ya Nidhamiya iliyofunguliwa Baghdad mwaka 1067, na Azhar ya Misri, zilisomesha na kulisha wanafunzi kwa mali ya wakfu. Wakfu za misikiti twazijua. Wakfu ya mwanafunzi wa uuguzi au wa uhandisi iko wapi? Fedha zinazoteketea kwa karamu za siku nyingi zatosha kuanzisha mikopo isiyokuwa na nyongeza, na sharti lake liwe lile la kale: aliyesomeshwa na watu arudi awatumikie watu kwa miaka maalumu. Shahada ya namna hiyo yastahiki gharama yake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutafuta elimu yenye manufaa na kuitumia. Amin.