Ukilala Nyumbani kwa Watu



Desemba haiko mbali, na kuna swali nimeulizwa na kijana mmoja wa VIWAWA baada ya Misa ya pili ambalo naona litawagusa wengi. Wenzake wanakuja Mwanza kutoka Dar kwa ajili ya harusi. Kwao hakuna nafasi, gesti za karibu zimejaa, basi mmoja wao akatafuta kwenye simu akapata chumba Nyegezi, ndani ya nyumba ambayo familia inaishi humo humo. Baba, mama, watoto, bibi, kuku. Akaniuliza: "Frateri, mtu akishalipa hela yake yote, kuna kitu kingine anadaiwa na wale watu?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba ndiyo, anadaiwa. Yeye akawahi daladala, mimi nikabaki na jibu refu.

Mambo haya ya kulipia chumba kwa mtu usiyemjua wengi mnayajua kwa jina la Airbnb. Yalianza mwaka 2007 San Francisco, Marekani, vijana wawili waliobanwa na kodi ya nyumba walipotandika magodoro ya upepo kwao na kupokea wageni watatu waliokuja kwenye mkutano. Kampuni ikafuata mwaka 2008. Siku hizi nyumba nyingi utakazoziona huko hazina mtu ndani. Unakuta funguo kwenye kiboksi, unaingia, unalala, unaondoka, hujaonana na yeyote. Hizo leo siziongelei, maana ni hoteli tu iliyovaa nguo za nyumbani. Naongelea ile ya mwanzo, ambayo mwenye nyumba naye yumo.

Nyumba ya aina hiyo unaitambua kabla hujafungua begi. Kabati limegawanywa: upande mmoja umeachiwa wewe, upande wa pili zimening'inia sare za shule. Ukutani kuna kalenda ya parokia, na mtu ameandika kwa kalamu tarehe ya ada na tarehe ya marejesho ya kikoba. Bafuni kuna ndoo tatu, na utaelekezwa ipi ni ya kuogea na ipi ni ya akiba maji yakikatika. Usiku unamsikia bibi akikohoa. Na kama una macho, utagundua kwamba kitanda unacholalia kina mwenyewe, na huyo mwenyewe yuko sebuleni kwenye godoro chini, ana miaka tisa, na ameambiwa asiseme.

Hoteli haina kitanda chenye mwenyewe. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndipo jibu langu linapoanzia.

Nilipokuwa Ntungamo nasoma falsafa tulimpitia Kant. Mwaka 1795 aliandika kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu, na humo anasema mgeni anayefika kwenye nchi ya watu ana haki ya kutotendewa kama adui. Lakini kupokewa kama mgeni wa ndani, kuwa mmoja wa nyumba kwa muda fulani, hiyo siyo haki yake. Hilo linahitaji mapatano ya pekee ya hisani. Mzee mwenyewe hakuwahi kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, lakini hapa naona alilenga. Simu inaweza kukufanya uamini kwamba ile hisani nayo umeinunua. Hapana. Ulichonunua ni kitanda, maji, umeme na pengine chai. Kuaminiwa usiku, wakati watoto wa watu wamelala upande wa pili wa ukuta, hakuna aliyekuuzia. Hilo umekopeshwa.

Sasa niwaambie habari ya mama mmoja, mjane, kwenye parokia ninakofanya mwaka wangu wa kichungaji. Anapangisha chumba kimoja kwa shilingi 25,000 kwa usiku, na chai ya asubuhi humo humo. Hela ya chumba hicho ndiyo inayomsomesha binti yake wa kidato cha tatu. Wageni anawapata kwa mtandao mmoja, na mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka mgeni fulani aliyelala siku mbili alipoandika maoni yake: chumba kisafi, chakula kizuri, ila usiku wanasali kwa sauti na jogoo anaanza saa kumi. Akatoa nyota tatu. Baada ya hapo simu ikanyamaza wiki kadhaa.

Akaniletea simu nisome mwenyewe. Halafu akauliza, kwa upole kabisa kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Frateri, tuwe tunasali kimoyomoyo? Na ile picha ya Moyo Mtakatifu niihamishie chumbani kwangu?"

Jamani, hilo si swali la kujibu ukiwa umesimama. Kuna Rozari upande huu na kuna ada upande ule.

Yule mgeni hakusema uongo. Kweli wanasali kwa sauti, na jogoo yupo, namfahamu. Ila alilipa aingie kwenye nyumba ya watu, kisha akaudhika kukuta ina watu. Siku hizi tunampa nyota dereva, tunampa nyota muuza chipsi, na mkono ukishazoea unaona hata maisha ya mjane na watoto wake ni huduma ya kupimwa. Bwana wetu alipowatuma wale sabini na wawili (Luka 10) aliwaambia wakae nyumba ile ile, wale na kunywa watakachopewa, wasihamehame nyumba hadi nyumba. Nadhani alijua kitu. Anayehamahama anaanza kulinganisha: kwa fulani tulikula sato, hapa tumewekewa dagaa.

Tukae kidogo na 2 Wafalme sura ya 4. Kuna mwanamke wa Shunemu, mtu wa uwezo wake, aliyekuwa akimlisha nabii Elisha kila anapopita. Baadaye anamwambia mumewe wamjengee chumba kidogo darini, wamwekee kitanda, meza, kiti na taa. Hiyo ndiyo orodha kamili ya vifaa. Waifai haimo. Siku moja Elisha amejilaza kwenye chumba hicho, anamwita mwenyeji wake na kumuuliza afanyiwe nini kwa taabu zote hizo. Anamtajia mambo makubwa: nikuombee kwa mfalme? Kwa mkuu wa jeshi? Mama anajibu kwamba yeye anakaa katikati ya watu wake. Yaani, hayo hayahitaji.

Sasa angalieni nani anayeokoa mazungumzo. Ni Gehazi, mtumishi. Anasema: huyu mama hana mtoto, na mumewe ni mzee. Nabii amelala humo mara ngapi? Lakini aliyeitazama ile nyumba akaona pengo lake ni kijana wa kubeba mizigo. (Gehazi huyu huyu sura inayofuata ataharibu mambo kwa tamaa ya fedha na nguo, lakini siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na macho.) Swali la Elisha nalo tusilipite haraka. Mgeni ndiye anamuuliza mwenyeji unahitaji nini. Sisi tumezoea kuulizwa tu: umelala vizuri, maji yalikuwa ya moto, uongezewe chai?

Halafu kuna Petro. Matendo ya Mitume sura ya 9 inamalizika kwa kutuambia kwamba alikaa siku nyingi Yafa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, na sura ya 10 inaongeza kwamba nyumba hiyo ilikuwa kando ya bahari. Ukisoma haraka unaona ni anwani tu. Lakini kazi ya ngozi Wayahudi wengi waliidharau, maana ni kushika mizoga, na harufu yake haijifichi. Aliyewahi kwenda Igombe au Kayenze siku dagaa wameanikwa ananielewa; ile harufu inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Petro alilala kwenye harufu ya namna hiyo siku nyingi. Ni juu ya dari ya nyumba hiyo, saa sita mchana, tumbo lina njaa na chakula kinaandaliwa, ndipo alipoona ile shuka kubwa ikishuka na kuambiwa asikiite najisi alichokitakasa Mungu. Mungu angeweza kumpa somo hilo akiwa Yerusalemu, kwa watu wake. Alimpa akiwa mgeni kwa mtu ambaye majirani walimkwepa. Na muda mfupi baadaye watu wa Kornelio wanabisha hodi, Petro anawakaribisha walale. Kwa Simoni! Mgeni anakaribisha wageni. (Msijaribu hili kwa mama mwenye nyumba bila kumuuliza.)

Wazee wetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilidhani hayo ni ya kwetu peke yetu mpaka niliposoma Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, ambayo wengi wanayaweka mwishoni mwa karne ya kwanza. Sura ya 12 inaagiza kwamba msafiri asaidiwe, lakini asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kubaki na ana ufundi, afanye kazi ndipo ale. Nilicheka peke yangu maktaba. Ila jembe lile halikuwa adhabu. Mtu akishalima nanyi si mgeni tena. Wewe uliyelipa 25,000 hakuna atakayekupeleka shambani, lakini jembe dogo halikosekani: kikombe chako ukisuuze, ndoo moja uibebe, mchele uchague na bibi huku mnaongea. Bibi wa Kisukuma ukimwamkia "Mwangaluka" asubuhi, hata kama hujui neno jingine lolote, chai yako itapoa ukiwa bado unasikiliza.

Na sisi Wakatoliki wa ukanda huu tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1878 kundi la kwanza la Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadre Weupe, lilifika Kageye, hapa hapa kusini mwa ziwa, baada ya safari ya miezi mingi kutoka Bagamoyo. Kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi hadi Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 1879. Mwaka 1882 wamisionari wakalazimika kuondoka Buganda, wakarudi upande wetu, na mwaka 1883 misioni ya Bukumbi ikaanza. Kwa hiyo kabla hatujawa na parokia kando ya maji haya, tulikuwa na wageni wanaotafuta pa kulala, na wenyeji ambao hawajabatizwa wakawapa mahali. Misafara ya wakati ule nayo ililipa, watemi walidai hongo njiani. Lakini hakuna hongo inayomlazimisha mtu akuletee maji usiku ukiwa na homa.

Sasa lile ambalo baadhi yenu mnasubiri kama nitalisema. Kijana na binti ambao hawajafunga ndoa, wanachukua chumba kwenye nyumba ya familia kwa sababu hapo ni pazuri, ni nafuu, na hakuna anayewafahamu. Fundisho la Kanisa mnalijua, sitawarudisha kwenye darasa la Kipaimara. Naongeza hili tu. Kuna mtoto wa miaka tisa ameamka kwenye kitanda chake ili nyinyi mlale. Kuna binti wa kidato cha tatu anayewapokea mizigo, na mama yake ndiye atakayetafuta maneno ya kumweleza. Na asubuhi, mbele ya chai ya mjane, mmoja wenu atasema "huyu ni mke wangu". Ukiwa hotelini unamdanganya mtu wa mapokezi, na hiyo nayo ni dhambi. Hapa unawadanganya watu mezani kwao.

Yule mama nilimjibu baada ya siku tatu. Nilimwambia picha ibaki pale pale ilipo. Kuhusu Rozari nikamshauri aiweke wazi kwenye tangazo: nyumba hii ina jogoo, ina bibi, na saa mbili usiku tunasali kwa sauti kama dakika 25. Mgeni achague akijua, kwa sababu yeye naye ana haki ya kutoshtukizwa. Sikumwahidi kwamba Mungu atamletea wageni wengi zaidi kwa ajili ya Rozari. Sina mamlaka ya kuahidi hilo, na inawezekana kabisa wakapungua. Ada nayo ina tarehe yake kwenye kalenda. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tuandike." Binti ndiye aliyeandika, na akaongeza sentensi yake mwenyewe, kwamba mgeni anaruhusiwa kukaa nao au kupumzika chumbani, vyovyote apendavyo.

Juzi wamepata mgeni, mwalimu kutoka Shinyanga aliyekuja kwenye semina ya siku tatu. Ni Mlutheri. Jioni ya kwanza alibaki chumbani. Ya pili, walipofika kwenye Litania, alitoka na kiti chake akakaa mlangoni.