Kitendo Kisichoonekana: Kompaila, Faqihi na Nia



Sisi wa Masomo ya Kiislamu hapa Mbale tumezoea kuwapita wenzetu wa kompyuta kama watu wanaozungumza lugha isiyotuhusu. Safari hii naomba tusimame kwao kidogo, kwa sababu wamekutana na swali ambalo maulamaa wetu walilishughulikia karne nyingi kabla ya umeme: kitendo ambacho hakuna mtu anayekiona kina uzito gani?

Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mwandishi wa programu na kuyageuza kuwa amri za mashine. Mojawapo maarufu ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Mwandishi huiambia atakacho kwa kuchagua kiwango. Kiwango -O0 hufasiri karibu mstari kwa mstari; programu hutoka nzito na ya polepole, lakini kosa likitokea utaliona mahali pake. -O1 na -O2 huondoa kazi za ziada. -O3 hukimbilia kasi, hata kama programu itanenepa. -Os hutafuta udogo, na ndicho kinachotumika kwa kawaida kwenye kibao cha Arduino Uno, ambacho kina kilobaiti 32 tu za kuhifadhi programu.

Aliyesoma tajwidi ameshatabasamu. Na sisi tuna tahqiq, kisomo cha polepole cha mwalimu na mtoto wa madrasa, kila herufi ipate haki yake na kosa lisikike. Tuna tadwir, cha wastani. Tuna hadr, cha haraka, anachokitumia hafidhi anapopitia juzuu zake. Zote tatu ni halali kwa sababu hukumu za tajwidi zinabaki. Ukiipita hadr unaingia kwenye hadhrama: herufi zinamezwa, madd zinakatwa, na hapo hakuna anayekuruhusu. GCC nayo ina mlango wa namna hiyo. Unaitwa -Ofast, na unairuhusu kompaila kukiuka kanuni kali za lugha, hasa katika hesabu za desimali, ili ipate kasi zaidi.

Lakini kabla ya mlango huo, kanuni inayoitawala kompaila ni nzuri na ni ya kiadilifu. Maana yake ni hii: badilisha ndani utakavyo, mradi anayetazama kutoka nje apate matokeo yale yale. Hesabu ambayo jibu lake halitumiki popote, itupe. Amri mbili zinazofanya kazi moja, ziunganishe.

Mimi naiona kanuni hii kuwa ndugu wa kanuni ya faqihi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), analieleza jambo hili waziwazi katika Ihya. Mtu akitimiza nguzo na masharti ya sala kwa nje, faqihi atatoa fatwa kwamba sala imesihi, hata kama baada ya takbira ya kwanza moyo wake ulikuwa sokoni ukifanya hesabu mpaka salamu. Ghazali hamlaumu faqihi kwa hilo. Kadhi hana ufunguo wa vifua vya watu. Akianza kuhukumu yaliyomo, hakuna atakayesalimika naye. Anachosema ni kwamba fatwa hiyo ina mpaka, na khushui iko ng'ambo ya mpaka huo.

Sasa tazama yaliyowakuta wenzetu. Programu inapokea neno la siri, inalitumia, kisha mwandishi mwangalifu anaongeza amri ya mwisho: andika sifuri juu ya kila herufi kwenye kumbukumbu ya mashine, asije mwizi akazikuta. Kompaila ikiwa kwenye -O2 inaitazama amri hiyo na kujiuliza: nani atakayezisoma sifuri hizi baadaye? Hakuna. Basi ni kazi bure. Inaifuta. Programu inajaribiwa na kufaulu kila jaribio, maana kwa nje hakuna kilichobadilika. Neno la siri limebaki pale pale.

Chukulia kwamba programu hiyo ni ya sako ya wakulima wa kahawa pale Busiu, na aliyeiandika ni mmoja wetu. Mzee aliyeweka pesa zake za msimu hajui kompaila ni kitu gani. Anachojua ni kwamba amekabidhi amana.

Dawa iliyopatikana haikuwa kuacha uboreshaji. Mwaka 2014 OpenBSD 5.5 ilitoka na amri iitwayo explicit_bzero, glibc ikaiongeza mwaka 2017, na toleo la C23 la lugha ya C lina amri yake ya kazi hiyo hiyo. Amri hizi zinafuta tu, kama ile ya zamani. Kilichoongezeka ni tamko: kitendo hiki kimekusudiwa chenyewe, usikipime kwa anayekiona. Nilipoelezwa hivyo na mwenzangu wa kompyuta nilimwambia, hiyo kwetu tunaiita nia. Mambo huhukumiwa kwa makusudio yake. Ni qaida ya mwanzo katika zile tano kuu za fiqhi. (Mfano unachechemea mahali pamoja: kompaila haijui nia yako mpaka uiandike, na Mola wako hahitaji maandishi.)

Kuna atakayesema hoja yangu inawapa nguvu wanaorefusha kila kitu. Hapana. Muadh bin Jabal, radhi za Allah ziwe juu yake, alipowarefushia watu sala ya Isha, Mtume (S.A.W.) alimkemea, akaelekeza kwamba nyuma ya imamu wapo wanyonge, wazee na wenye haja. Imamu anachagua kiwango kwa kumtazama aliye dhaifu zaidi kwenye safu, kama mwandishi anavyochagua -Os kwa ajili ya mashine ndogo. Na msafiri akisali rakaa mbili badala ya nne, aliyezipunguza ni Mwenye sheria mwenyewe. Wepesi una mlango wake.

Ninachokihofia ni wepesi mwingine. Tunapokuwa na haraka, hatupunguzi ovyo: tunapunguza palepale pasipoonekana. Mtu anayepiga sujudi kama jogoo anayedonoa ataonekana na ataambiwa arudi akasali, kama alivyoambiwa yule Sahaba mara tatu. Lakini Adhuhuri na Alasiri kisomo ni cha siri. Imamu akiishia katikati ya Fatiha akarukuu, safu nzima nyuma yake itarukuu pamoja naye, na kwa nje sala hiyo haina tofauti na iliyotimia.

Yule mwandishi wa programu ya sako yuko mahali hapo hapo. Mstari mmoja wa explicit_bzero hautamwongezea malipo, mkaguzi hatauuliza, na wakulima hawataujua. Akiuacha, programu itafanya kazi vilevile Jumatatu asubuhi ofisi ikifunguliwa.

Wallahu aalam.