Je, Kutafuta Nafuu ya Maumivu ni Kukosa Subira?

Mara nyingi huulizwa, hasa na ndugu walioingia katika Uislamu karibuni, kama mwamini aliyepatwa na maumivu yampasa ayavumilie tu huku akingojea thawabu. Nililiona swali hili kuwa jepesi mpaka liliponijia na uso wa kijana.

Katika chuo ninachofundisha huku ng'ambo alikuwako mwanafunzi wa miaka 17 aliyekuwa akichelewa Sala ya Alfajiri. Nilimkaripia mara mbili mbele ya wenzake. Baadaye nikapata habari kwamba ana baridi yabisi tangu utoto, na kila aamkapo magoti yake hukakamaa karibu saa nzima. Hakumwambia mtu, wala hakutaka kiti msikitini, wala dawa hakuimeza sawasawa. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu kwamba mimi mwenyewe nilifundisha darasani sifa za wenye subira.

Watu wengi hudhani baridi yabisi ni maradhi ya wazee. Sivyo. Iko aina inayomshika mtoto kabla hajatimiza miaka 16: kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, hugeuka ikavishambulia viungo vyake mwenyewe, vikavimba na kuuma. Asili yake haijajulikana vema. Lakini si adhabu, wala si kazi ya jirani mwenye husuda.

Basi, je, subira ni kuacha dawa? La hasha! Mtume Mtukufu s.a.w. alijitibu na akawaamuru watu wajitibu. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa kusali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala. Sheria iliyolionea huruma goti linalouma hata katika sala, yawezekanaje imnyime mwenye goti hilo dawa? Subira ni kwa yale yanayobaki baada ya juhudi.

Lakini liko swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Njia za kutuliza maumivu ni nyingi, nani achague? Wazazi husema, "Mtoto hajui." Katika jambo moja wanasema kweli. Dawa ya kuupiga ugonjwa wenyewe, kama methotreksati, humezwa au huchomwa mara moja tu kwa juma, na majuma mengi hupita kabla nafuu yake haijaonekana. Kijana akiiacha kwa kuwa haikutuliza maumivu ya leo, au kwa sababu ya kichefuchefu, kiungo chaweza kuharibika kabisa. Tena ugonjwa huu waweza kulidhuru jicho pasipo maumivu yoyote. Kwa hiyo macho hupimwa hata yakiwa hayaumi. Hapo daktari asikizwe.

Ama katika kutuliza maumivu, mambo ni mengine. Ibuprofeni husaidia, lakini huweza kulidhuru tumbo. Sindano ndani ya kiungo huweza kuleta nafuu ya miezi, lakini wako wanaoiogopa kuliko maumivu yenyewe. Yako pia maji ya moto, kuogelea, mazoezi ya viungo, na mafunzo ya kuituliza akili wakati wa maumivu. Kila njia humdai mgonjwa kitu: muda, fedha, usingizi, au aibu mbele ya wenzake. Nani ajuaye uzito wa madai hayo ila anayeyabeba? Huko Ottawa, Kanada, watafiti wametengeneza mwongozo kwa ajili ya vijana hawa na wazazi wao: huonyesha faida na madhara ya kila njia, kisha kijana huulizwa ni lipi lililo kubwa kwake.

Wengine wataona huu ni utovu wa adabu wa Kizungu. Ni kweli Umoja wa Mataifa uliandika katika mkataba wa mwaka 1989 kwamba mtoto awezaye kutoa rai yake asikizwe. Lakini Nabii Ibrahim a.s. alitangulia. Alipoona katika ndoto kwamba anamchinja mwanawe, hakumkamata tu. Alimwambia aliyoyaona, akamwuliza, wewe waonaje? Ikiwa katika jambo lililotoka kwa Mwenyezi Mungu baba alitaka rai ya mwanawe, sembuse katika sindano na vidonge?

Nilimwomba kijana yule msamaha, mbele ya wale wale waliosikia nikimkaripia. Tuliketi naye pamoja na baba yake na daktari. Amechagua kuoga maji ya moto kabla ya Alfajiri, na kiti mwishoni mwa safu, na dawa yake ya kila juma ameirudia. Sindano ya goti ameikataa mpaka mitihani ipite. Baba yake hakupendezwa. Nami, kusema kweli, ningechagua vingine. Lakini daktari amesema kungoja majuma hayo hakutamdhuru, basi tumemwachia.