Swali la Ummu Sulaym



Ummu Sulaym, mama yake Anas bin Malik, alimwendea Mtume (S.A.W.) na swali ambalo wengi wetu tungemnyamazisha mwanamke akiliuliza: mwanamke akiota kama aotavyo mwanamume, je, inampasa kuoga? Alitanguliza kusema kwamba Mwenyezi Mungu haionei haya haki. Ummu Salama, mke wa Mtume, alijifunika uso. Mtume hakumkemea muulizaji. Alimjibu kwa uwazi. Naye Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Ijumaa hii nawawazia mabinti zetu. Wapo wanaohifadhi juzuu baada ya juzuu kwenye duksi, madrasa zetu za Qur'ani, na hukumu za hedhi wanazijua vizuri. Muulize mmoja wao virusi vya Ukimwi huingiaje mwilini, atainamisha kichwa. Mama anadhani mwalimu wa shule amekwisha kumwambia, mwalimu anamwachia mama, na sisi wa mimbari tunataja zinaa kisha tunashuka.

Takwimu nazo zimetulaza. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 5 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa wakiishi na virusi. Huku kwetu Kaskazini Mashariki hawakufika hata 1. Alhamdulillah. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kote nchini wanawake walioambukizwa walikuwa asilimia 6.6, na wanaume 3.1. Na hatuishi kisiwani. Mifugo yetu inauzwa soko la Garissa, malori yanakuja na kwenda, vijana wetu wanasoma na kutafuta riziki Nairobi.

Fikirieni mke asiyejua mwanamume mwingine ila mumewe. Mume ana safari zake, pengine na wake wengine, na hajawahi kupimwa. Kumwambia mwanamke huyu aepuke zinaa ni kumkataza asilolitenda. Kinga yake ilipaswa kuanza kabla ya nikahi, bwana harusi na bibi harusi wapimwe, na walii ayaone majibu kama anavyoulizia mahari. Kuuliza hivyo si kumtuhumu mtu, na mimi naona ni wajibu wa walii.

Liko linaloniuma zaidi. Msichana akibakwa, wazee hukaa chini ya mti, ukoo huu na ukoo ule, wakahesabu ngamia na kufunga maslaha, yaani suluhu ya kiukoo. Zipo dawa za kuzuia virusi visishike mwilini baada ya tukio kama hilo. Sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Kikao cha wazee peke yake chaweza kuzimaliza siku hizo tatu, na msichana yuko ndani, ameoshwa, nguo zimefuliwa, ushahidi umekwenda na maji. Wazee wetu nawaheshimu. Wamezima ugomvi wa visima na malisho ambao ungemwaga damu nyingi. Lakini ubakaji ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na hakuna aliyeupa ukoo haki ya kusamehe kwa niaba ya mtoto. Hospitali kwanza, kabla ya kuoga, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Nambari ya msaada, 1195, hupigwa bila malipo.

Na kama yuko miongoni mwetu binti aliyekwisha kuambukizwa, msimtenge sahani wala mkeka. Akimeza dawa zake kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mumewe kwa tendo la ndoa. Ataolewa, na kwa uangalizi wa kliniki anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi.

Hooyo, mama, wiki hii kaa na bintiyo mkiwa wawili tu. Mweleze mwili wake, mweleze ugonjwa huu unavyoambukiza na unavyozuiwa, mwambie kwamba akiguswa kwa nguvu aje kwako siku hiyohiyo, hata aliyemgusa akiwa ni jamaa. Akikuuliza usilolijua, nendeni pamoja kwa muuguzi mkamuulize.