Mosi Iliyo ya Saba

Soma Mwanzo 2:1-3, Luka 23:54–24:1.

Binti mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa ubatizo aliulizwa na shangazi yake: "Mwanangu, Biblia inasema Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma. Juma na mosi, si ndiyo Jumamosi? Basi ninyi mnaitunza siku gani?" Binti akakosa jibu. Juma lile hakwenda darasa la ubatizo.

Shangazi hakukosea maana ya neno. Mosi ni neno la asili ya Kibantu, maana yake moja, na bado husikika katika tarehe mosi na Mei Mosi. Lakini hesabu hiyo inaanzia wapi? Waislamu wa pwani, waliozipa siku majina haya, walihesabu kuanzia baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa sala. Siku iliyofuata ikawa mosi, kisha pili, hadi Jumatano.

Baada ya Jumatano inakuja Alhamisi. Jina hili ni la Kiarabu, nalo maana yake ni ya tano. Lina undugu na neno hamsini. Hivyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana! Alhamisi ni ya tano kwa wanaohesabu kuanzia Jumapili, kama Waarabu na Wayahudi. Kwa hesabu hiyo Ijumaa ni ya sita na Jumamosi ni ya saba. Waarabu huiita as-Sabt, jina lenye undugu na Sabato.

Hata hivyo, imani haijengwi juu ya majina. Luka anataja siku tatu mfululizo: Maandalio, Yesu alipozikwa, Sabato, wanawake walipopumzika kama ilivyoamriwa, na siku ya kwanza, walipokuta kaburi wazi. Manukato yalikuwa tayari na mioyo ilikuwa na majonzi, lakini walisubiri. Waliitunza siku ambayo Mungu aliibariki na kuitakasa kabla mwanadamu yeyote hajaipa namba.

Binti alirudi kwa shangazi yake, si kubishana, bali na Biblia mkononi. Wakasoma sura hizo pamoja, polepole.

Swali la kujadili: Je, ndugu yako akikuuliza sababu ya kuitunza Sabato, utamjibuje kwa upole na kwa heshima? (1 Petro 3:15)