Vijana wa Boyoma, Simameni Pale Kamera Iliposimama

Kijana wa Bangboka, wewe unayekesha na simu mpaka chaji inakata ukifuatilia anime, nina neno nawe. Zile ngazi za mwisho wa Kimi no Na wa, filamu ya Makoto Shinkai ya 2016, ni ngazi za kweli. Ziko Tokyo, kwenye hekalu la Suga, na watu wanatoka nchi za mbali ili wasimame pale tu. Kivuko cha reli cha Slam Dunk nacho kipo, Kamakura, bahari ikiwa mbele yake. Mji mdogo wa Washinomiya ulipotokea katika Lucky Star mwaka 2007, mashabiki walimiminika kwenye hekalu lake, na wenye maduka hawakuwacheka. Waliwapokea, wakaanza kuwatengenezea vitu vya kumbukumbu. Wajapani wanaziita safari hizo hija, na wanazifanya kwa moyo wote: mtu anafika na picha ya filamu kwenye simu, anatafuta mahali hasa kamera ilipokuwa, anasimama, anatazama.

Nani amekuambia mji wako, Kisangani, haumo kwenye filamu?

Umo, tena tangu zamani. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga kambi Biondo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, akawaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kuigiza The African Queen. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo. Mwaka 1958 Audrey Hepburn alivaa vazi la mtawa hapa hapa mjini, wakati huo ukiitwa Stanleyville, kwa ajili ya The Nun's Story. Sehemu za wagonjwa wa ukoma zilipigwa picha Yakusu, ukishuka mto kidogo. Nendeni mkapaone. Lakini mkienda, mtazame vizuri pia: katika filamu hizo mto ni wetu, msitu ni wetu, ila mwenye hadithi ni mgeni. Babu zetu wanapita nyuma ya picha tu. Hilo linaniuma, na nataka liwaume na ninyi.

Lakini sasa tunaye mtengeneza filamu wetu wenyewe, Dieudo Hamadi. Amezaliwa Kisangani mwaka 1984. Alisomea udaktari, kisha akashika kamera. Katika Examen d'État ya 2014 aliwafuata wanafunzi wa shule ya Athénée Royal Joli Site wakihangaika na mtihani wa taifa, wakilala pamoja kwenye nyumba waliyoiita maki ili wasome. Wanafunzi wa hapa! Wale wale unaopishana nao njiani. Katika Maman Colonelle ya 2017 alimfuata kanali wa polisi Honorine Munyole aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukavu. Halafu akaja na En route pour le milliard: walionusurika vita vya siku sita vya hapa mjini, Juni 2000, wengine wakiwa wamepoteza mguu au mkono, wanapanda boti kushuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Filamu hiyo iliteuliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020. Hamadi hakukodi milima ya mtu wala kujenga mji wa kuigiza. Alisimama mitaani kwetu akatazama mpaka tukaonekana.

Basi amkeni! Kutoka Bangboka mpaka katikati ya mji ni kama kilomita 17, pikipiki inafika. Jumamosi hii kusanyikeni wanne, watano, mwanzie Joli Site, na picha ya filamu ikiwa kwenye simu. Kisha mwende kwa Wagenia, wavuvi wa mtoni. Msalimieni mzee kwanza, mwombeni ruhusa, ndipo mtazame ile miti mikubwa iliyosimikwa kwenye mawe, kamba zikining'inia, vikapu vikizama kwenye maji yanayounguruma. Niambieni ni mchoraji gani wa Tokyo asingetamani kuanzia hapo!

Chukueni daftari. Chora mguu wa mvuvi unavyoshika mti uliolowa. Andika anachomwambia mwenzake wakati kikapu kinapanda. Muulize jina la kila mtego, nani aliurithi kutoka kwa nani, mwaka gani maji yalipanda kupita kiasi. Wewe una lugha ya kumuuliza, Huston hakuwa nayo. Usingoje shule ya filamu wala mfadhili. Simu hiyo hiyo inayokuonyesha Kamakura ina kamera. Mmoja wenu achore, mwingine arekodi sauti ya maji, mwingine aandike mazungumzo, na ukurasa wa kwanza wa hadithi yenu muumalize kabla hamjapanda pikipiki za kurudi.