Mkwe wa Kaisari, Shemeji wa Masufi

Mwaka 1461, katika milima iliyo nyuma ya Trebizond, mji wa Kigiriki kando ya Bahari Nyeusi, mama mmoja mtu mzima alikuwa akisafiri na jeshi lisilo la mwanawe. Ndiye Sara Khatun, mamake Uzun Hasan, mtawala wa Waturkmeni wa Aq Qoyunlu, yaani Kondoo Weupe. Jeshi lilikuwa la Sultani Mehmed wa Pili, aliyeiteka Konstantinopoli miaka 8 kabla. Njia ilikuwa ngumu hata sultani mwenyewe akatembea kwa miguu. Mwanahistoria wa Kiosmani, Aşıkpaşazade, anasimulia kuwa Sara alimwita Mehmed mwanawe, akamuuliza kwa nini ajitese hivyo kwa ajili ya Trebizond. Mehmed akajibu kuwa taabu ile ni ya dini, maana upanga wa Uislamu umo mkononi mwake.

Jibu la kumfunga mtu mdomo. Lakini bibi yule hakuletwa na habari za dini. Aliletwa na ukwe. Mwaka 1458 Hasan alikuwa amemwoa Theodora, binti wa kaisari wa Trebizond, naye Theodora aliingia katika nyumba hiyo ya Kisunni na Ukristo wake, akabaki nao.

Trebizond ikaanguka Agosti 1461. Hasan, aliyekwisha kupatana na Mehmed, hakunyanyua mkono kuwasaidia wakweze. Sara alirudi nyumbani na sehemu ya vito vya hazina yao.

Miaka 10 baadaye upepo uligeuka. Hasan alikuwa amemuua Jahan Shah wa Waturkmeni wa Kondoo Weusi mwaka 1467, akamteka Abu Said wa ukoo wa Timur mwaka 1469, na kuhamishia makao yake Tabriz. Sasa alikuwa na jirani mmoja tu wa kumkosesha usingizi: Mehmed. Venice nayo ilikuwa vitani naye tangu 1463. Balozi wa Venice, Caterino Zeno, alipofika Tabriz, Theodora alimpokea kama jamaa, kwa sababu ya nasaba ya mke wa Zeno. Wakakubaliana: Venice ilete mizinga na bunduki kwa njia ya bahari, Hasan alete wapanda farasi.

Je, Mwislamu aweza kufunga agano na Mkristo ili ampige Mwislamu mwenziwe? Wenye kumlaumu Hasan wana pa kushika: aya ya 51 ya Sura al-Maida inakataza kuwafanya Mayahudi na Wakristo kuwa awliya. Neno hilo moja limewashughulisha wafasiri karne na karne: ni marafiki, walinzi, au wasimamizi wa mambo? Wenye kumtetea nao wana Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume alipofunga mkataba na washirikina wa Makka, na kabila la Khuzaa, ambalo si wote walikuwa wamesilimu, likaingia upande wake. Ila mfano huu haumfikishi Hasan mbali. Hudaibiya ilikuwa ya kusimamisha vita. Agano la Tabriz lilikuwa la kuvianzisha.

Hata hivyo, upanga wa Mehmed nao haukuwa ukichagua. Watawala wa Karaman, Waislamu watupu, walinyang'anywa nchi yao na Waosmani wakakimbilia kwa Hasan. Kila upande ulikuwa na damu ya Waislamu mikononi na aya mdomoni.

Mwanafalsafa Jalal al-Din Dawani, aliyemtungia Hasan kitabu cha maadili kiitwacho Akhlaq-i Jalali, alikuwa na mizani nyingine. Akifuata njia ya Nasir al-Din Tusi, alifundisha kuwa watu hawawezi kuishi bila kusaidiana, na kwamba kinachowashika pamoja ni uadilifu. Wangependana kweli, hata uadilifu usingehitajika. Kwa mizani hiyo, agano na Venice ni jambo dogo. Zito ni Tokat, mji wa Waislamu ambao jeshi la Hasan liliupora na kuuchoma mwaka 1472. Dawani alimsifu sana bwana wake, kama wanavyosifu wanaolishwa na ikulu, lakini kipimo alichokiacha hakimwachi bwana huyo salama.

Agano lenyewe halikuzaa kitu. Tarehe 11 Agosti 1473, huko Otlukbeli, mizinga ya Mehmed iliwasambaratisha wapanda farasi wa Hasan. Giosafat Barbaro, aliyetumwa na Venice pamoja na silaha zilizoahidiwa, alikwama Cyprus. Alipoingia Tabriz mwaka 1474, vita vilikuwa vimekwisha. Hasan alifariki Januari 1478.

Uhusiano ambao haukuhojiwa sana ulikuwa mwingine. Hasan alimwoza dada yake kwa Sheikh Junayd, kiongozi wa tarika ya Kisufi ya Safawi, na baadaye akamwoza binti aliyezaa na Theodora kwa Haydar, mwana wa Junayd. Mashehe, Waislamu, watu wa dhikri: nani angeuliza? Lakini wafuasi wao walikuwa wakigeuka jeshi. Mwaka 1501 Ismail, mwana wa Haydar, kijana wa miaka 14 hivi, alimshinda huko Sharur mtawala wa Kondoo Weupe, Alvand, akaingia Tabriz na kutangaza Ushia kuwa dini ya dola. Alvand alikuwa mjukuu wa Uzun Hasan. Ismail naye pia.